Reli yetu ya Mwanza isimamiwe na nani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa wakazi wa Mwanza, Misungwi, Kwimba, na kila mwenye mzigo au safari kwenye reli itokayo Tabora hadi ziwani. Tangu ujenzi wa reli ya kisasa uanze upande wetu, maswali haya yananifuata kila mahali: kwenye daladala za Buzuruga, kwenye misiba, kwenye vikao vya wafanyabiashara wa mchele. Nimeyajibu kwa uzito wa kila moja, kwa hiyo mengine yana maelezo marefu na mengine yanaishia kwenye sentensi mbili tatu.

Reli inayoingia Mwanza ni mali ya nani?

Ni mali ya umma, chini ya Shirika la Reli Tanzania, TRC. Njia hii ni tawi la Reli ya Kati. Wajerumani walifikisha reli Kigoma mwaka 1914, na Waingereza wakalimaliza tawi la Tabora hadi Mwanza mwaka 1928. Ilikuwa chini ya shirika la pamoja la Afrika Mashariki hadi Jumuiya ya zamani ilipovunjika mwaka 1977, ndipo TRC ya kwanza ikazaliwa. TRC tunayoijua leo imetokana na Sheria ya Reli ya 2017, iliyounganisha kampuni mbili: RAHCO iliyomiliki njia na majengo, na TRL iliyoendesha treni. Mdhibiti ni LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 kuchukua nafasi ya SUMATRA kwa usafiri wa nchi kavu.

Kwa nini Mkoa wa Mwanza usikabidhiwe kipande chake ukiendeshe?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na wengi hawapendi jibu lake.

Kwanza, mkoa kwa sheria zetu hauna baraza la kuchaguliwa wala kodi zake. Tuna Mkuu wa Mkoa na Sekretarieti inayoongozwa na Katibu Tawala, kwa mujibu wa sheria ya tawala za mikoa ya 1997. Kazi yao ni kuratibu na kushauri. Wenye madiwani, bajeti na ushuru ni halmashauri. Mwanza tunazo nane: Jiji, Ilemela, Misungwi, Kwimba, Magu, Sengerema, Buchosa na Ukerewe. Katika hizo, reli inapita chache tu. Diwani wa Ukerewe ukimwomba apitishe fedha za kukarabati stesheni ya Mantare, atakuuliza kivuko chake kinalipiwa na nani, na atakuwa na haki.

Pili, treni haijui mipaka ya mikoa. Ukitoka Mwanza unapita Misungwi na Kwimba, unaingia Maswa mkoani Simiyu pale Malampaka, unashuka Shinyanga na Isaka, unamalizia Tabora. Mikoa minne. Ukiikata njia vipande vinne utapata mameneja wanne wanaosubiriana kwenye simu huku mzigo umelala.

Kwa hiyo ninaposema usimamizi wa karibu, nina maana ya ukanda mzima wa Tabora hadi ziwani. Umiliki wa njia ubaki taifani. Kinachotakiwa kushuka huku chini ni kitu kingine, nacho nakieleza hapa chini.

Kitu gani hicho?

Fikiria daladala. Barabara ni ya TARURA au TANROADS. Gari ni la tajiri. Leseni ya njia, nauli na masharti vinatoka LATRA. Wote hao ni tofauti, na bado daladala inakwenda kwa sababu kila mmoja anajua mpaka wake.

Kwenye reli nako kuna watu watatu: mwenye njia, mwenye treni na mwenye ratiba. Mwenye ratiba ndiye anayeamua treni ngapi zipite, zisimame wapi, saa ngapi, na kwa nauli ipi, halafu analipa pengo pale nauli isipotosha. Wawili wa kwanza tunao, na wako ndani ya shirika moja. Huyu wa tatu, kwa safari fupi na mizigo midogo ya Kanda ya Ziwa, hatuna. Ratiba inapangwa kwa jicho la Dar es Salaam, na sina sababu ya kulaumu: aliye Dar anatazama treni nzima ya makontena ya Isaka, hawezi kuona magunia arobaini ya mpunga pale Bukwimba.

Mifano ya kujifunzia tunayo hapa hapa nyumbani. Barabara zilikuwa na tatizo hili hili. TANROADS inashika barabara kuu na za mikoa, na mwaka 2017 ikaundwa TARURA kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Kwenye maji tuna MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza: mali ni ya umma, wizara iko juu yake, EWURA inadhibiti bei, lakini bomba likipasuka Nyegezi unajua ofisi ya kwenda. Reli haina TARURA yake wala MWAUWASA yake.

Kuna nchi iliyowahi kufanya hivi na ikafaulu?

Zipo, na ninayoipenda kuliko zote iko Uswisi, jimbo la Graubünden. Nimeichagua kwa sababu inafanana na yetu kuliko mtu anavyoweza kudhani. Reli yao, Rhätische Bahn, ina upana wa mita moja, sawasawa na reli yetu ya zamani. Mtandao wao wote una takriban kilomita 385; tawi letu la Tabora hadi Mwanza lina takriban kilomita 380. Wao wanapanda milima hadi mita 2,253 pale Bernina, sisi tunapita mbuga tambarare za Usukuma.

Jimbo linamiliki asilimia 51.3 ya hisa, serikali kuu asilimia 43.1, na kiasi kidogo kilichobaki kiko kwa wilaya na watu binafsi. Treni zinabeba abiria, magogo, vifaa vya ujenzi na bidhaa za madukani kwenye mabonde ya ndani. Kabla ya ratiba kuanza, jimbo na serikali kuu wanakaa na shirika, wanaagiza huduma: treni hizi, saa hizi, vituo hivi. Shirika linasema gharama, linatoa makadirio ya nauli, na pengo linalipwa kwa mkataba. Meneja anaamka asubuhi akijua anadaiwa nini na nani.

Ujerumani walifanya hivyo nchi nzima mwaka 1996: majimbo yakapewa jukumu la kuagiza treni za abiria za ndani, na fedha kutoka serikali kuu zikaambatana na jukumu hilo. Fedha ziliambatana. Kwetu mara nyingi jukumu hushuka peke yake.

Japani wana kampuni wanazoziita za sekta ya tatu, ambamo mkoa, miji na watu binafsi wanashirikiana hisa. Reli ya Sanriku, mkoa wa Iwate, ilianza hivyo mwaka 1984 kwa kuchukua njia ambazo shirika la taifa lilikuwa linaziacha. Tsunami ya tarehe 11 Machi 2011 iliivunja vibaya. Siku tano baadaye kipande cha kwanza kilikuwa kinabeba watu tena, na njia yote ikafunguka mwaka 2014. Wenye reli walikuwa ndio wenye majirani waliokwama.

Lakini nisikupambie mambo. Huko huko Japani, kisiwani Hokkaido, reli ya Chihoku Kogen iliyokuwa chini ya mpango kama huo ilifungwa mwaka 2006. Abiria walikuwa wamepungua mno. Usimamizi wa karibu hauzalishi abiria pale ambapo watu wamehama. Kwetu watu hawajahama, wanaongezeka kila mwaka, na hiyo ndiyo nguvu yetu.

Na Kenya, wenye kaunti?

Kaunti 47 zilianza kazi mwaka 2013, lakini katiba yao ya 2010 imeiacha reli mikononi mwa serikali ya taifa. Kwa hiyo Kisumu, jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa, nao wanasubiri maamuzi kutoka Nairobi.

Reli ya kisasa ikifika Mwanza, hii ya zamani si itakuwa chuma chakavu?

Naomba hapa tutulie, kwa sababu kosa likifanyika halitarekebishika.

Kipande cha Isaka hadi Mwanza cha reli ya kisasa kina kilomita 341, yaani 249 za njia kuu na 92 za njia za kupishania. Rais Samia aliweka jiwe la msingi Juni 2021. Ni kazi kubwa na naisubiri kwa hamu kama wewe. Dar hadi Dodoma watu wanapanda treni ya umeme tangu 2024, na aliyeipanda hataki tena kusikia habari za basi.

Lakini treni iliyoundwa kwenda kilomita 160 kwa saa ikisimama kila kijiji haina maana tena. Mwendo wake unatokana na kutosimama. Mama wa Malya mwenye ndoo tatu za karanga na mkulima wa Mantare wanahitaji treni nyingine, ya polepole, ya bei nyepesi, inayosimama. Njia ya mita moja tayari iko pale, tuta lipo, majengo ya stesheni yapo.

Jambo la pili ni upana. Reli ya kisasa ina milimita 1,435, ya zamani 1,000. Behewa la moja haliingii kwenye nyingine. Na meli yetu ya kubeba mabehewa, pamoja na reli za zamani za Uganda na Kenya zinazofika ziwani, zote ni za mita moja. Ukiing'oa njia ya zamani Mwanza, behewa halitafika tena majini.

Meli inabebaje mabehewa? Na hilo linahusianaje na usimamizi?

Nenda Mwanza Kusini siku MV Umoja ikiwa gatini, ujionee. Sakafu ya meli ina reli juu yake. Kati ya nchi kavu na meli kuna daraja la chuma, upande mmoja limekaa ardhini, upande wa pili linapanda na kushuka kufuata kina cha maji. Kichwa cha treni kinasukuma mabehewa polepole sana, mtu amesimama pembeni ameinua mkono, macho yake yako kwenye maungio ya reli mbili. Mabehewa hayaingii yote upande mmoja kwa mkupuo. Yanagawanywa kushoto na kulia ili meli isilale ubavu. Kila moja likiingia unaiona meli inashuka kidogo, na daraja linashuka nayo. Kisha magurudumu yanafungwa kwa minyororo. Mzigo uliopakiwa Dar unavuka hadi Port Bell, Uganda, bila gunia hata moja kushushwa.

Sasa hesabu wahusika. Njia na kichwa cha treni ni vya TRC. Bandari ni ya TPA. Meli ni ya kampuni ya serikali iliyojulikana kama MSCL, sasa TASHICO. Usalama wa majini ni TASAC, wa reli ni LATRA. Forodha ni TRA. Upande wa pili wapo Waganda na shirika lao la reli. Wote ni wa umma, wote wana wataalamu, na kila mmoja anaripoti kwa bosi wake aliye mbali. Meli ikiwahi na mabehewa yakachelewa Isaka, hakuna hata mmoja aliyekosea kwenye daftari lake. Ndiyo maana nasema tunakosa mwenye ratiba. Huyo mwenye ratiba, yaani mamlaka ya ukanda wa Tabora hadi ziwani, hata ikiwa na watu ishirini tu na ofisi moja hapo Mwanza Kusini, ingekuwa na kazi moja: kuhakikisha treni na meli vinakutana.

Ziwa nalo lina yake. Mwaka 2020 maji yalipanda hadi yakaingia majumbani na kwenye magati pande zote za ziwa. Uamuzi wa kuinua gati au kubadili daraja la kupakilia hautakiwi kusubiri kikao cha robo mwaka kilomita 1,200 kutoka hapa.

Mizigo ya huku ni midogo. Itajaza treni kweli?

Behewa moja moja halijazi treni, ndiyo, lakini mabehewa ya vituo sita yanajaza. Tatizo la mizigo midogo ni ukusanyaji: pamba ya Malampaka, mpunga wa Mantare na Bukwimba, dengu, saruji na bati zinazokuja juu, dagaa na samaki wanaoshuka chini. Kila mmoja peke yake anaonekana si kitu. Anayeweza kuwajumlisha ni mtu anayewajua kwa majina, anayejua msimu wa dengu unaanza lini na kiwanda kipi cha kuchambua pamba kina njia ya reli iliyofukiwa na majani nyuma ya ghala.

Nimekulia kwenye biashara hii. Mama yangu alikuwa ananunua mpunga Kwimba na kuuleta mjini. Msimu mmoja wa masika tulilipa lori nauli yote mapema, mwenye lori akapata mzigo mnono zaidi njiani akayaacha magunia yetu kando ya barabara chini ya turubai lililotoboka. Tulipofika siku ya tatu, magunia ya chini yalikuwa yameanza kuota. Nakumbuka mama akichomoa mche mmoja wa kijani kwenye nyuzi za gunia, akautazama, asiseme neno. Kutoka pale hadi kwenye reli ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Hapakuwa na utaratibu wowote wa mtu mwenye magunia thelathini kupata nafasi kwenye behewa.

Je, treni ya abiria ya asubuhi kutoka Misungwi hadi mjini inawezekana?

Kwa maoni yangu, ndiyo, na mfano tunao. Oktoba 2012 Dar es Salaam ilianza treni ya mjini, ile watu waliyoiita treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa wakati ule. Hakuna reli mpya iliyojengwa. Walichukua njia za TRL na TAZARA zilizokuwepo, wakakarabati mabehewa, wakajenga majukwaa ya kushukia. Watu walijaa tangu wiki ya kwanza.

Mwanza njia inapita tayari kwenye upande ambao mji unakua, kuelekea Fela. Kinachohitajika ni mabehewa machache, njia mbili tatu za kupishania, walinzi kwenye makutano ya reli na barabara, na mtu wa kuingia mkataba na TRC akisema: treni mbili asubuhi, mbili jioni, pengo tunalipa sisi.

Pengo hilo atalilipa nani?

Treni ya abiria ya vijijini haijilipi yenyewe, hata Uswisi haijilipi. Anayekuahidi vinginevyo anakudanganya. Swali la haki ni tunalipa kwa mlango gani. Leo tunalipa kupitia Mfuko wa Barabara, tunapokarabati lami iliyobonyezwa na malori yanayobeba mzigo ambao ungeweza kwenda kwa reli.

Tangu 2015 ipo tozo ya maendeleo ya reli, iliyoanza kwa asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa zinazoingizwa nchini. Imesaidia kujenga. Mimi ningependa sehemu ndogo ya tozo hiyo itengwe kwa huduma za njia za ndani, halmashauri zinazopitiwa na reli zichangie kidogo kutoka kwenye ushuru wa mazao, na wenye viwanda walipie njia zinazoingia kwenye maghala yao. Mchango wa halmashauri uwe mdogo lakini uwepo, kwa sababu anayechangia ndiye anayekwenda kuuliza.

Si heri apewe mwekezaji binafsi?

Tulijaribu. Mwaka 2007 kampuni ya RITES ya India ilichukua asilimia 51 ya TRL, serikali ikabaki na 49, mkataba wa miaka 25. Mwaka 2011 serikali ilikuwa imeshairudisha yote. Tulikabidhi mtandao mzima kwa mkupuo mmoja, vichwa vya treni vikiwa vimechoka na njia imechoka. Sipingi mfanyabiashara kuleta treni yake akalipia kupita. Lakini mwenye ratiba lazima awe wa umma, vinginevyo kituo chenye mzigo mdogo ndicho kitakachofungwa kwanza.

Nyumba yangu imepigwa alama ya X karibu na reli. Mamlaka ya ukanda ingenisaidia?

Hifadhi ya reli ni mita 15 mjini na 30 vijijini, na mamlaka yoyote italazimika kuiheshimu. Tofauti ni kwamba ungekuwa na ofisi ya kupeleka barua yako hapa hapa Mwanza, na ramani ya mpaka ungeionyeshwa kabla hujamwaga msingi.

Mwananchi wa kawaida aanzie wapi?

LATRA wana baraza la watumiaji wa huduma za usafiri ardhini, LATRA CCC, na malalamiko ya reli wanayapokea kama ya mabasi. Bajeti ya halmashauri inaanzia kwenye vikao vya vijiji na mitaa, kwa hiyo diwani wako akisikia neno reli kwa mara ya kwanza siku ya baraza, amechelewa.

Na kama una mzigo, fanya jambo moja. Nunua daftari. Kwa msimu mmoja andika kila gunia ulilosafirisha: limetoka wapi, limekwenda wapi, siku gani, umelipa shilingi ngapi, limefika baada ya siku ngapi. Mwambie na jirani yako sokoni aandike. Wafanyabiashara thelathini wa Bukwimba wakiweka madaftari yao mezani pamoja, hiyo ni treni ambayo mpaka leo hakuna ofisi yoyote iliyoihesabu.